Mirija Iliyofunguliwa kwa Uhakiki

Katika taarifa ya uhakiki wa mali ya kituo cha utafiti nilichokitumikia mjini Bukoba hadi kustaafu kwangu, kuna mstari unaosema kwamba sampuli za msombo wa nikeli zilikutwa zimeharibika. Mstari huo si wa kweli. Sampuli hazikukutwa zimeharibika. Zilikutwa nzima, zikafunguliwa, ndipo zikaharibika, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Nimekwisha kulieleza jambo hili katika ofisi zote zinazohusika, kwa mdomo na kwa maandishi, kwa lugha ya adabu. Sasa ninalieleza hapa, kwa watu wasiohusika, kwa kuwa wanaohusika wamemaliza kunisikiliza.

Ili jambo lieleweke, sina budi kuieleza kwanza kazi yenyewe. Kwa miaka yote ya utumishi wangu nilishughulika na misombo ambayo ndani yake atomu ya metali imeshikana moja kwa moja na atomu ya kaboni. Ushikamano huo si rahisi kuupata. Metali imezoea kushikana na oksijeni. Ndiyo sababu msumari ukiachwa nje hupata kutu. Kuishawishi metali ishikane na kaboni ni kazi ya taratibu, na hata ikishakubali, hukaa ikingojea nafasi ya kurudia oksijeni. Pumzi moja ya hewa yaweza kutosha. Kwa hiyo kazi yetu, kabla ya kuwa kazi ya kutengeneza kitu chochote, ilikuwa kazi ya kuondoa hewa.

Baba yangu, mkulima wa kahawa na ndizi katika kibanja chetu cha Buganguzi, wilayani Muleba, aliniuliza jambo hili mara moja tu, siku niliporudi kutoka masomoni ng'ambo.

"Kwa hiyo unaunganisha chuma na mkaa."

"Kwa namna fulani ndiyo, tata."

"Na vikishaungana?"

"Vinaunganisha vitu vingine viwili ambavyo peke yake visingekubali kuungana. Vikishaungana hivyo, chuma changu kinajitoa, kinakwenda kuunganisha vingine."

"Kama mshenga."

"Kama mshenga."

"Na hakidai hata kibuyu cha pombe ya rubisi?"

"Hakidai kitu."

"Mshenga wa namna hiyo," alisema, "mimi simwamini." Akachukua panga lake, akaenda kupunguza majani ya migomba. Hakuniuliza tena, na alipofariki nilikuwa nimekwisha kuajiriwa miaka mingi. Katika wasifu wake uliosomwa kaburini mimi nilitajwa kuwa mwanawe anayepima dawa Bukoba. Sikupata kupima dawa. Nilimweleza msomaji wa wasifu ule baada ya mazishi, na alikubali kwamba alikosea, lakini wasifu ulikuwa umekwisha kusomwa.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha yaliyotazama ziwa. Vyombo vya kioo vilikaushwa katika oveni, vikaunganishwa vingali vya moto na bomba lenye njia mbili: njia moja ilinyonya hewa, njia nyingine ilileta nitrojeni. Tulinyonya, tukajaza, tukanyonya, tukajaza, mpaka hewa iliyobaki ndani ikawa haina maana. Viyeyushi vilikaushwa kwa siku kadhaa kabla ya kutumiwa, maana unyevu ulikuwa adui wa pili, na mvua ya Bukoba haina adabu ya msimu. Mitungi ya nitrojeni ilitoka Mwanza. Ilipochelewa hatukufanya kazi. Tulisoma, au tuliosha upya vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Umeme ulipokatika katikati ya mmenyuko, pampu ilinyamaza, na tuliketi tukitazama kimiminika cha rangi ya chungwa kikigeuka matope. Mara za kwanza jambo hilo liliniuma sana. Baadaye niliacha kuumia. Niliandika saa, nikaandika sababu, nikavua koti.

Mjini walinijua kwa mambo mengine. Waliniletea asali niseme kama imetiwa sukari. Waliniletea sabuni. Mama mmoja alileta maji ya kisima kwenye chupa ya soda na akakataa kuondoka mpaka niyaonje. Nilimweleza kila mmoja ofisi inayohusika ilipo. Kuhusu kazi yangu hakuna aliyeuliza, na sikuwa na haja ya kuulizwa. Nilichapisha makala zilizosomwa na watu wachache katika nchi za mbali. Nilionyesha kwamba nikeli, metali ambayo ipo ardhini mkoani kwetu, upande wa Ngara, inaweza kufanya baadhi ya kazi za uunganishaji ambazo viwanda vya dawa huzifanya kwa metali za bei kubwa. Inaweza, kwa masharti. Masharti hayo yalinichukua umri wangu wote wa utumishi, na nilipostaafu bado sikuwa nimeyamaliza.

Aliyeyamaliza ni binti mmoja, mtafiti mdogo chini yangu, mzaliwa wa Kashozi, aliyekuja kituoni na shahada ya kwanza na kubaki. Ndani ya maabara aliniita Daktari, nje, tata. Wazo tulikuwa nalo wote wawili: kutumia kafeini. Kahawa yetu ya robusta ina kafeini nyingi, na katika molekuli ya kafeini ipo kaboni moja ambayo, ikitayarishwa ipasavyo, inaweza kuishika metali kwa nguvu. Mimi nililijaribu wazo hilo nikapata matope ya kila rangi. Yeye alibadilisha mpangilio wa hatua, akapunguza joto, akangoja kwa muda ambao mimi nisingengoja, na asubuhi moja aliniita dirishani. Chini ya chupa, katika kiyeyushi kilichopoa, palikuwa na fuwele nyekundu, nyembamba kama sindano za cherehani. Kafeini na nikeli, vimeshikana.

"Daktari, usipumue," alisema.

"Chupa imezibwa."

"Najua. Usipumue tu."

Fuwele zile zilikuwa ndiyo tasnifu yake ya uzamivu. Nasema hivi kwa maana kamili. Mtahini wa nje wa chuo chake alikuwa ameandika kwamba ushahidi uliopo ni mzuri, lakini kwamba hataamini kuwepo kwa ushikamano wa namna hiyo mpaka fuwele yenyewe ipigwe mionzi ya eksi na nafasi za atomu zionekane. Mashine ya kazi hiyo hatukuwa nayo. Maabara moja ng'ambo ilikubali kumpokelea sampuli. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kusafirisha, na kibali kilikuwa mezani kwa mtu. Wakati huohuo usajili wake chuoni ulikuwa unaelekea ukingoni. Ulikuwa umeongezwa mara nyingi kuliko kanuni zinavyopenda. Na nikeli maalumu tuliyoianzia, ambayo husafirishwa ikiwa imegandishwa, ilikuwa imekwisha. Kuagiza nyingine kulimaanisha kungoja kwa muda ambao yeye hakuwa nao. Fuwele zilizokuwepo ndizo zilizokuwepo.

Tulizigawa katika mirija ya kioo na kuiziba kwa moto. Kuziba nilifanya mimi, nikiwa nimekwisha kustaafu, kwa kuwa nilijifunza kazi ya kioo ng'ambo na hakuna mwingine pale aliyeijua. Mrija hunyonywa hewa, shingo yake hupashwa moto hadi ilegee, kisha huvutwa na kuzungushwa, ukabaki kitu kimoja cha kioo kisicho na mlango. Kila baada ya muda nilitoka Buganguzi kwenda Bukoba kuitazama. Ilikaa katika kabati la stoo, ndani ya boksi lililojazwa pamba. Miezi ilipita na fuwele zilibaki nyekundu. Alizipiga picha kila mara, akaziweka picha hizo katika sura ya tatu ya tasnifu yake.

Mwisho wa mwaka wa fedha mama yake alifariki.

Wenyeji wa kwetu wanajua maana yake. Binti hatoki msibani kabla matanga hayajaondolewa. Analala pale pale, kwenye nyasi zilizotandikwa, pamoja na wanawake wa ukoo. Akitoka kwenda kazini, ukoo mzima utalisema jambo hilo kwa miaka, na watakuwa na haki. Siku ya pili baada ya mazishi alinipigia simu. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeamshwa.

"Tata, mama wa stoo amenipigia. Wahakiki wamefika. Safari hii wanafungua kila kitu."

"Kila kitu kwa maana gani?"

"Wanasema kitu kilichofungwa hakihesabiki. Nenda, tata. Mimi siwezi kutoka hapa."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata, nimevaa suti.

Wahakiki walikuwa wawili. Kiongozi wao alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba. Mwenzake, mwanamke kijana, alikuwa akiandika. Pamoja nao alikuwa mama wa stoo, mwenyeji wa Bukoba mjini, mwenye ushungi mweupe, ambaye nilifanya naye kazi tangu alipoajiriwa.

"Shikamoo, mzee," alisema kiongozi. "Naambiwa wewe ndiye mwenye vitu hivi."

"Marahaba. Mwenyewe ni mtafiti. Yuko Kashozi, amefiwa na mama yake. Mimi niliiziba mirija."

"Tumesikia. Tunampa pole. Lakini wewe umestaafu?"

"Nimestaafu."

"Basi wewe ni mgeni wetu. Mama, mpatie mzee kiti."

Nikapewa kiti. Ninaomba ieleweke kwamba katika shughuli nzima sikuvunjiwa heshima hata kidogo.

Kiongozi aliinua mrija mmoja akautazama kwenye mwanga. "Hapa pameandikwa gramu. Mimi naona kioo."

"Gramu zimo ndani ya kioo."

"Kila ninakokwenda naambiwa zimo ndani, mzee wangu. Kuna mahali tulikuta chupa zimepangwa vizuri, lebo safi, ethanoli. Tukafungua. Maji! Tena ya bombani. Tangu siku hiyo mimi siamini kizibo."

Sikuweza kumlaumu kwa hilo. Mimi mwenyewe, katika utumishi wangu, niliripoti viyeyushi vilivyogeuka maji. Nilimwambia kuna njia nyingine: apime mrija mzima, kisha atoe uzito wa kioo, mrija mtupu wa aina ileile ninao.

"Na nitajuaje kwamba kilichomo si chumvi na rangi?"

"Huyu mzee?" mama wa stoo aliingilia. "Huyu hata sukari ya chai anaipima. Chumvi aitoe wapi!"

Walicheka. Nadhani hata mimi nilitabasamu.

"Ukiufungua, kilichomo kitakufa," nilisema.

Mwanamke aliyekuwa akiandika aliinua kichwa. "Kitakufa? Kwani ni kiumbe?"

"Mle mna jini," kiongozi alimwambia, na wakacheka tena. Kisha alinigeukia, akaacha kucheka. "Samahani, mzee. Eleza."

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyoeleza hapa: metali, kaboni, oksijeni, mtahini, mionzi, kibali. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Niliomba angalau wangoje binti arudi kutoka msibani, kwa kuwa yeye ndiye mtumishi na ndiye mwenye dhamana.

"Ningependa," alisema. "Lakini mwaka wa fedha haungoji matanga. Na sisi kesho tunatakiwa Muleba, wilayani."

Alimpigia mkuu wa kituo, ambaye alikuwa Dodoma kikaoni. Aliiweka simu mezani ili sote tusikie, jambo ambalo nililiona kuwa la haki. Sauti ya mkuu ilisema wafuate utaratibu. Ilisema pia, "Mpeni mzee salamu zangu."

"Zimefika," nilijibu.

Mama wa stoo alileta tupa ndogo. Kiongozi alivaa glavu, akaushika mrija wa kwanza vibaya, kiasi kwamba ungempasukia kiganjani. Nilisimama nikamwonyesha mahali pa kukwaruza na namna ya kuukunja ukitazama nje. Alinishukuru. Kioo kilitoa mlio mdogo.

Alimimina fuwele kwenye kisahani kilichokuwa juu ya mizani. Zilikuwa nyekundu kwa muda wa kutosha kusema neno moja. Kisha wekundu ulianza kufifia, kama nguo inayofuliwa na kuanikwa mbele ya macho yako.

"Mizani yenu mbovu," alisema mwandishi. "Namba zinapanda. Hazitulii."

"Mizani ni nzima," nilisema. "Ni kitu chenyewe kinachukua hewa. Kinazidi uzito."

"Kwa hiyo niandike ipi?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile, na hata leo sijui jibu lake. Kiongozi aliamua iandikwe namba itakayokuwepo atakapohesabu hadi tano. Wakafungua wa pili kwa njia hiyo. Wakafungua na mingine, mpaka boksi likabaki na pamba. Mimi nilikaa kwenye kiti nilichopewa. Nilitegemea kwamba hasira ingenipanda, kwa kuwa ni mtu wa hasira, mke wangu atathibitisha, lakini haikuja. Nilitazama ziwa. Palikuwa na mtu anayeosha pikipiki ufukweni. Niliona kwamba amesahau kuosha upande mmoja.

Baadaye walikwenda kula, na waliporudi walijaza sehemu ya hali ya mali. Kufikia hapo visahani vilikuwa na unga wa kijani kichafu, kama ukoga wa shaba.

"Lebo inasema fuwele nyekundu," alisoma mwandishi. "Hizi si fuwele. Wala si nyekundu."

"Ziliharibika baada ya kufunguliwa," nilisema. "Mliziona. Andikeni hivyo."

"Fomu ina nzuri, mbovu, na imeharibika. Haina baada."

"Basi andikeni pembeni."

Kiongozi aliitazama fomu kwa muda. Ninaamini alitafuta kweli nafasi. "Pembeni ni pa mkaguzi, mzee," alisema. "Sisi hatuandiki pembeni."

Ikaandikwa hivyo. Mama wa stoo alinisindikiza hadi getini, kisha akasema, "Mzee wangu, mimi ningefanyaje?" Nilimwambia asingefanya chochote. Ulikuwa ukweli.

Kutoka pale nilikwenda Kashozi. Kuna namna ya kuingia msibani, na shughuli za ofisi hazimo. Nilisalimia wanaume waliokaa kwenye mabenchi chini ya turubai, nikaketi, nikaeleza nimetoka wapi, nikaulizwa hali ya mvua Muleba. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakimenya ndizi. Baada ya muda binti alitoka, khanga kiunoni, miguu bila viatu, akapiga goti kunisalimia, akaketi kwenye nyasi karibu na kiti changu.

"Tata, wamekubali?"

"Hawakukubali."

"Wamefungua mingapi?"

"Yote."

Alitazama upande wa ndizi. "Ilibadilika haraka?"

"Kwanza kahawia. Baadaye kijani."

"Kijani," alisema. "Mimi nilidhani ingekuwa nyeusi."

"Hata mimi."

Mama yake mdogo, aliyekuwa akipita na sinia, alisimama. "Mwanangu, ya kazini yaache. Siku hizi ni za mama yako." Akanigeukia. "Utusamehe, waitu, mzee wetu."

"Una haki," nilimjibu.

Binti aliinuka akarudi ndani. Mimi niliketi mpaka chakula kikaletwa, nikala, kwa sababu kutokula kungeonekana ni dharau.

Wiki zilizofuata niliingia katika ofisi nyingi. Sitazitaja. Mazungumzo yalifanana kiasi kwamba nitayaweka moja tu hapa, na ofisa aliyehusika, akisoma, atajua kwamba sikumwongezea neno.

"Mzee, malalamiko yako hasa ni yapi?"

"Taarifa inasema sampuli zilikutwa zimeharibika."

"Kwani hazijaharibika?"

"Zimeharibika."

"Sasa kosa la taarifa liko wapi?"

"Kwenye neno zilikutwa."

Aliniangalia kama mtu anayetaka kunisaidia. "Neno moja, mzee?"

"Moja."

"Na wewe ni nani katika suala hili? Mtumishi?"

"Mstaafu."

"Basi apeleke mwenye dhamana."

Mwenye dhamana alipeleka. Alijibiwa kwamba uhakiki umefungwa. Na chuo, kilipopata nakala ya taarifa kutoka kituoni, kilikuwa na maandishi rasmi ya serikali yanayosema kwamba msombo ulioelezwa katika tasnifu haukuonekana. Kilichoonekana ni unga wa kijani usiofanana na lebo.

Hapo ndipo chuo, na nakubali kwamba kilifanya hivyo kwa nia njema, kilipomfungulia njia. Kingemwongezea muda wa kutosha kuagiza nikeli na kurudia kazi, iwapo angeandika tamko kwamba sampuli ziliharibika stoo kutokana na kasoro ya kuziba. Kanuni zao huruhusu muda wa ziada kwa hitilafu ya kitaalamu. Hawana kanuni inayohusu uhakiki wa mali. Tamko lilikuwa limekwisha kuchapwa. Lilihitaji sahihi yake, na sahihi ya aliyeziba.

Alikuja nalo Buganguzi siku ya Jumamosi. Tuliketi barazani. Nililisoma, nikalisoma tena, nikafungua kalamu.

"Tata, ngoja kwanza."

"Hakuna la kungoja. Niandike wapi?"

"Wewe? Wewe uliyegombana na ofisi zote za Bukoba kwa neno moja?"

"Lile lilikuwa neno la wengine. Hili ni langu. Watasema mzee wa Muleba hajui kuziba kioo. Waseme. Mimi sina cheo cha kupunguziwa, wala sina mahali pa kuomba kazi."

"Si hilo."

"Ni lipi?"

Aliliweka tamko chini ya bilauri ya juisi ili upepo usilichukue. Alizungumza bila kuniangalia, kwa sauti ileile ya kwenye simu, ambayo tangu msiba haikuwa imebadilika.

"Sura ya tatu. Nimesema fuwele zilikaa miezi ndani ya mirija bila kubadilika. Nimeweka picha. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, kwamba ushikamano ule ni imara, kwamba unakaa. Nikisema kuziba kulikuwa kubovu, basi hewa ilikuwa inaingia. Na kama hewa ilikuwa inaingia na rangi haikubadilika, basi kitu kile hakikuwa nikeli na kafeini. Kilikuwa kitu kingine. Rangi tu. Chumvi na rangi."

Sikuwa nimeliona hilo. Miaka yote ya kazi hiyo, na sikuwa nimeliona.

"Watakuongezea muda," nilisema hata hivyo. "Utaitengeneza upya. Utawaonyesha."

"Wataniongezea muda wa kutetea kitu ambacho nimekwisha kukikana kwa mkono wangu. Mtahini ataanza na karatasi hii. Wewe ungeanza na karatasi hii."

"Ningeanza nayo."

"Eeh."

"Tia sahihi tu," nilisema. "Tutaona mbele." Sijapata kumwambia mtu maneno ya namna hiyo katika utumishi wangu. Niliyasikia yakitoka.

Alitikisa kichwa. Mke wangu alimwita kutoka jikoni kwamba, kama maneno ya barazani yamekwisha, aende wamenye ndizi, kwa maana senene hawaliwi peke yao. Alijibu kwa Kihaya kwamba anakuja, akalikunja tamko, akalitia mkobani. Nikasikia wakicheka huko ndani juu ya kisu kisichokata. Mimi nilikaa na kalamu iliyo wazi mpaka wino wa ncha ukakauka.

Siku ya mwisho ya kujibu ilipita bila jibu. Usajili wake ulifutwa kwa barua fupi yenye lugha nzuri. Aliomba kuhama kituo, akakubaliwa, na sasa anafundisha kemia katika shule ya sekondari wilayani Muleba, si mbali na kwangu. Hufika kututembelea Jumapili baada ya misa. Anaonekana mzima. Tunazungumza juu ya bei ya kahawa, na mnyauko wa migomba, na wanafunzi wasiojua kusawazisha mlinganyo.

Aliniambia kwamba siku alipopokelewa shuleni, mkuu wa shule alitakiwa kujaza taarifa zake, akamwuliza kwa nini hakumaliza shahada ya uzamivu. Akamjibu kwamba sampuli zilifunguliwa. Mkuu wa shule alifikiri kidogo, akaandika: sababu binafsi.

Nilimwuliza kama alimsahihisha.

"Tata," alisema, "nilikuwa na kipindi."